Kitendawili hakina alama ya kuuliza

Mpwa wangu wa darasa la tano alirudi kutoka shule na karatasi ya jaribio la Kiswahili. Alama 17 kati ya 20, si haba. Mama yake aliikunja akaiweka juu ya kabati; mimi, kwa udaku wangu, nikaishusha. Swali la nane lilisema: "Tegua kitendawili kifuatacho: Nyumba yangu haina mlango." Mtoto alikuwa ameandika kaburi. Mwalimu kakata kwa wino mwekundu, na pembeni kaweka neno moja: yai.

Nikamwita, nikamuuliza kwa nini kaburi. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Sasa mjomba, ukishaingizwa mle unatokea wapi?"

Mpaka leo sijapata la kumjibu. Ninachojua ni kwamba barazani kwa bibi yangu, Pangani, jibu kama lile lisingekatwa kwa wino. Lingezua ubishi. Mmoja angesema kaburi huwezi kuliita "nyumba yangu" nawe bado unapumua. Mwingine angemrudi: na yai je, ni lako au la kuku? Wa tatu angetaka kujua kama mwanandani wa kaburi una mlango au hauna. Mwisho wa yote mtegaji angeshikilia yai lake, maana mtego ni wake, lakini mtoto asingeondoka pale na aibu ya kukosa. Angeondoka na sifa ya kuwasumbua wakubwa.

Simlaumu mwalimu. Ana watoto wengi, rundo la karatasi, na mwongozo wa kusahihishia wenye jibu moja. Lawama yangu ni ya mazoea yaliyotuingia sote: tumeanza kuvichukua vitendawili kama maswali, na kitendawili si swali. Tumelikosa hilo kwanza, ndiyo maana hata chemsha bongo tunazotunga au kuzitafsiri siku hizi, za magazetini, redioni na kwenye simu, nyingi zinatoka hazina chumvi.

Kitazame tena. Nyumba yangu haina mlango. Hapo hamna "nani", hamna "nini", hamna "wapi". Ni taarifa, tena ya majivuno, mtu anatangaza mali yake mbele za watu. Kuku wangu katagia miibani. Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni. Kondoo wangu mnene kachafua njia nzima. Mgeni asiyejua mchezo atadhani yuko kwa mfugaji mwenye mkosi. Kumbe kuku ni nanasi, kamba ni njia, kondoo ni konokono.

Lugha yenyewe inakataa neno "uliza" hapa. Kitendawili hutegwa, kama panya au ndege wanavyotegwa. Anayekipata hakijibu, anakitegua: tega na tegua, kama funga na fungua, kama ziba na zibua. Fumbo nalo linafumbwa na kufumbuliwa, kama jicho, kama kiganja kilichoficha kitu. Swali na jibu ni maneno tuliyoyapata kwenye Kiarabu, na yana kazi zao za heshima madrasa, mahakamani na kwenye usaili wa ajira. Anayeulizwa ana deni la jibu. Anayetegewa anatakiwa asinase, basi.

Na mtego wenyewe mara nyingi umefukiwa kwenye sarufi, pale ambapo msemaji wa Kiswahili hatazami kwa sababu anapakanyaga kutwa nzima. Chukua kile cha Popote niendapo ananifuata. Jibu ni kivuli. Kwa sarufi ya darasani kivuli kinanifuata. Lakini mtegaji angesema "kinanifuata" angekuwa ameshakupa nusu ya jibu, ungeanza kupekua vitu vyenye ki-. Kwa hiyo anakipa kivuli miguu na roho: ananifuata. Akili yako inamkimbilia mbwa, mdai, mke mwenye wivu. Kiambishi kimoja cha herufi moja kimekupeleka mtaa mwingine kabisa. Ni mtego huo huo kwenye Kila mtu humwabudu apitapo, ambapo anayeabudiwa ni mlango, mlango mfupi wa nyumba ya makuti usiopitika bila kuinama. Ni mtego huo huo kwenye yule Mzungu aliyetoka Ulaya na mkono kiunoni, ambaye ni kikombe. Halafu anakuja mtegaji mjanja zaidi na Afuma hana mshale, na safari hii sarufi inasema kweli tupu, kwa kuwa nungunungu ni mnyama na a- ni yake kwa haki. Wewe uliyekwisha kuumwa mara tatu unatafuta kitu, unapita juu ya mnyama.

Sasa linganisha na zile zinazotujia kwa simu, zimetafsiriwa usiku na mtu mwenye haraka. "Kitu gani kina shingo lakini hakina kichwa?" Jibu, chupa. Hiyo "kitu gani" imeshafuta viumbe vyote wenye uhai, na kilichobaki ni kupitisha macho jikoni. Mtegaji wa Pangani angesema: Shangazi yangu ana shingo, kichwa hana. Chupa ni ile ile na shingo ni ile ile, lakini sasa kuna shangazi amesimama mlangoni bila kichwa, na wewe huwezi kuacha kumfikiria.

Nyingine ndiyo inaniudhi zaidi: "Nini kina mikono lakini hakipigi makofi?" Jibu, saa. Ni saa ya nani hiyo? Saa ya Kiingereza ina mikono. Ya kwetu ina mishale, au akrabu kwa wazee. Fumbo limekufa njiani, likaletwa maiti, nasi tukalipokea. Wakati mishale ile ile imekaa hapo inasubiri mtegaji: Ana mishale, hajafuma mtu. Ukikiweka hicho mara tu baada ya nungunungu asiye na mshale, umepata jozi ambayo Kiingereza hakiwezi kuiota.

Nimeshagusa saa, acha niimalize, kwa sababu hapa tafsiri haipotezi ladha tu, inapotosha hesabu. Katika kundi moja la WhatsApp nililomo, watu wa rika langu na watoto wao, ziliwekwa chemsha bongo kumi za hisabati. Ya nne iliuliza: ikiwa ni saa mbili kamili, mishale ya saa inafanya pembe ya nyuzi ngapi? Fundi mmoja akajibu 120. Mwenye kundi akamwambia amekosa, jibu ni 60. Yule fundi ni mtu mpole, lakini aliamka saa mbili asubuhi ya kesho yake, akapiga picha saa ya ukutani kwake, akaituma bila neno lolote. Mshale mrefu kwenye 12, mfupi kwenye 8. Nyuzi 120.

Aliyetunga swali kwa Kiingereza alikuwa anazungumzia mshale mfupi ulio kwenye 2. Kwetu mshale ukiwa kwenye 2 ni saa nane. Kuhesabu kwetu kumepishana na namba za kwenye uso wa saa kwa saa sita, yaani nusu ya duara, na kwa hiyo jibu letu na lao, ukiyajumlisha, daima yanatimia 180. Yao 60, yetu 120. Yao 30, yetu 150. Saa sita kamili, wao wana 180 na sisi mishale imelaliana, sifuri. Mtafsiri wa haraka hupona mahali pawili tu, saa tatu na saa tisa, kwa sababu 90 na 90 ni pacha. Mimi naona hapo palikuwa na chemsha bongo nzuri mara kumi kuliko ile ya kwanza: Ni saa ngapi ambapo Mswahili na Mwingereza wakisema namba moja, mishale yao inafanya pembe moja? Ilikuwa imelala pale chini ya pua, hakuna aliyeiokota, kwa kuwa tulikuwa tunatafuta jibu la kwenye karatasi.

Nisidanganye lakini. Vitendawili vya utotoni kwetu hatukuvifumbua kwa akili kila usiku. Vingi tulivijua kwa moyo. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha London mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa Unguja, na ndani ya kitabu hicho mna vitendawili, kikiwamo cha nyumba isiyo na mlango. Yai lile lile. Kitu ambacho kina zaidi ya miaka 150 mdomoni mwa watu hakiwezi kuwa kipimo cha werevu wa mtoto wa leo. Ama umekisikia, ama hujakisikia. Mwenye kutetea jaribio la shule anaweza kunibana hapa, na atakuwa na haki: hata barazani tulikuwa tunapima kumbukumbu.

Ndiyo, ila kumbukumbu ilikuwa kiingilio tu. Vile vya kale vilitumika kupasha moto, kila mtoto avijibu kwa pupa na ajione shujaa. Halafu zamu ilipozunguka mara ya pili au ya tatu, vya kale vikaisha, ndipo watu walipoanza kutazama huku na huko chumbani, taa, ungo, paka, kikohozi cha babu, na kutega vipya. Huko ndiko mchezo ulikokuwa. Na vya kale navyo vilikuwa vinazeeka mbele ya macho yetu. Yule Mzungu mwenye mkono kiunoni alikuwa na maana wakati vikombe vya udongo mweupe vilikuwa kitu cha melini. Leo ukigeuza kikombe chini utasoma kimetoka China, na mtoto akisikia "katoka Ulaya" anabaki kukodoa. Mtu mwenye akili angekitega upya.

Nikija kwenye maswali ya maarifa ya jumla, yale ya "nani wa kwanza" na "mji mkuu wa", nakiri nayapenda. Nimewahi kukesha nayo safarini, basi limeharibika Chalinze, abiria tumekaa kando ya barabara tunaulizana miji mikuu ya Afrika. Tatizo lake ni kwamba yanajifanya hayana mwenyewe. Swali la maarifa linasema kwa sauti ya serikali, na sauti ya serikali haibishiwi.

Mfano mmoja unatosha. "Nani aligundua Mlima Kilimanjaro?" Jibu linalosubiriwa ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeuona mlima huo tarehe 11 Mei 1848. Rebmann hakufika pale kwa kunusa. Alikuwa na kiongozi wa msafara aitwaye Bwana Kheri, mtu aliyejua anakompeleka, na walikuwa wanakwenda kwa Wachaga, ambao walikuwa wanalima kwenye miteremko ya mlima huo na kuutazama kila asubuhi wanaponawa uso. Ulaya kwenyewe wapo wataalamu waliombishia Rebmann kwa miaka, wakisema theluji karibu na ikweta haiwezekani. Hiyo hadithi nzima, ya kiongozi, wenyeji na wabishi, ni tamu. Swali limeichinja likabakiza jina moja la kukariri. Tena kwa kitenzi cha uongo. Liulizwe "Mzungu gani alikuwa wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro", nitanyamaza. Au litegwe: Kijana wangu kavaa kofia nyeupe, jua limeshindwa kuivua. Nimejaribu tu.

Maswali ya namna hiyo pia yanaoza upesi. Mtu aliyekariri sayari tisa alikuwa sawa hadi Agosti 2006, wanaastronomia walipoishusha Pluto daraja. Aliyekariri kwamba mji mkuu wa Burundi ni Bujumbura alipitwa mwishoni mwa 2018, Gitega ilipotangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa, na mji wa kando ya ziwa ukabakishiwa biashara. Bado vitabu vya maswali vinauzwa mitaani na majibu yote mawili ya kale, na wanaoviuza hawana habari.

Kuna aina moja ya swali la maarifa ambayo siitaki hata kwa dawa. Niliwahi kujiunga na mchezo wa kwenye simu, kampuni siitaji. Ujumbe wa kwanza: Mlima mrefu kuliko yote Afrika ni upi? A, Kilimanjaro. B, Kariakoo. Nikajibu kwa kicheko. "Hongera! Umepata pointi 500." Likaja la pili, jepesi kuliko la kwanza, na la tatu, na kila jibu likala salio. Nilijiona mwanachuoni mpaka vocha ilipokwisha. Swali likiwa rahisi kiasi hicho ujue si swali, ni chambo, na aliyetegwa ni wewe. Angalau mtegaji wa barazani alitangaza kwa sauti kubwa kwamba anatega.

Michezo ya maneno ndiyo inayonipa hasira na matumaini kwa pamoja. Mafumbo ya miraba, yale ya kujaza herufi kulia na chini, yalianzia New York: la kwanza lilichapwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, mtungaji wake Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Ni mchezo uliozaliwa ndani ya lugha ambayo konsonanti hubanana kama abiria wa daladala. Kiswahili kinakwenda konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, kama mtu anayetembea. Sasa katika miraba ya mtindo wa Uingereza, herufi moja hukatizwa na neno la wima, inayofuata haikatizwi, ya tatu hukatizwa tena. Ukiuhamisha mtindo huo kwetu bila kufikiri, makutano yote yanaweza kuangukia irabu. Jaza mwenyewe, neno la herufi sita, umeshapata hizi: _a_a_a.

Baraka. Haraka. Sadaka. Talaka. Salama. Karata. Mahaba. Zote zinakaa, na umbali kati ya sadaka na talaka, au mahaba na talaka, si mdogo. Lakini makutano yakiangukia konsonanti, ukapewa b_r_k_, hata mlinzi aliyesinzia atakutajia baraka, au akikosea sana bariki. Kwa hiyo fumbo lile lile linakuwa giza totoro au mchana mweupe kwa kusogeza neno kisanduku kimoja. Mtungaji anayejua hilo ana usukani mkononi. Watungaji wengi hawalijui, ndiyo maana katika ukurasa mmoja wa gazeti unakuta neno moja la kukatisha tamaa na jirani yake la kuchekesha.

Hata ule mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano kwa siku, Wordle wa Josh Wardle, uliovuma mwishoni mwa 2021 na kununuliwa na New York Times mwanzoni mwa 2022, ukiuleta kwetu kama ulivyo unapungua. Herufi ya tano karibu kila mara ni irabu, na irabu ziko tano tu. Na ng'ombe utamwandika kwenye visanduku vingapi? Wala hakuna aliyejifunza kusoma Kiswahili kwa herufi moja moja. Tulifunzwa ba, be, bi, bo, bu. Kisanduku cha Mswahili ni silabi. Ukishalikubali hilo, milango inafunguka. Wanaosaka maneno yanayosomeka vile vile kinyumenyume hulalamika kwamba Kiswahili hakina mengi, maana neno huanza kwa konsonanti na kuishia na irabu. Yasome kwa silabi: kataka ni ka-ta-ka, nenda rudi. Na swali tunaloulizana kila siku, "Ni lini?", ni-li-ni, linasomeka pande zote mbili, maisha yako yote umelisema na pengine hukuliona.

Wazee wa pwani walilijua hili bila karatasi. Shangazi zangu walikuwa na kinyume, usemi wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele, na walikitumia watoto tukiwa karibu, hasa zikitajwa habari za posa. "Jimposa jaka!" atasema mmoja toka jikoni, na sote tunakaa kimya tukijifanya tunacheza. Nilikuwa na miaka minane au tisa nilipofumbua: mposaji kaja. Sikumwambia mtu. Nilikaa na siri ile karibu mwezi mzima, nikisikia kila kitu, mahari, umri, nani kakataliwa, na sijapata tena raha kama ile kwa fumbo lolote la gazetini.

Nisije nikaonekana nachukia vya kuja. Yapo mafumbo ya wageni yaliyoingia hapa yakapata uraia. La mtu mwenye chui, mbuzi na mzigo wa majani anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu limo katika mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Huko mnyama mla nyama ni mbwamwitu. Safari saba, na siri ni kukubali kumrudisha mbuzi uliyekwisha kumvusha. Limedumu kwa kuwa lina watu na wanyama ndani yake, na kwa kuwa msikilizaji akikwama huanza kutafuta mwanya: kwa nini asimfunge mbuzi kamba? Kwa nini chui hali majani akishiba? Huo ndio ubishi ninaoutaka.

La ngamia 17 nalo hivyo hivyo. Baba kaacha wosia: mkubwa nusu, wa pili theluthi, wa tatu tusui, yaani moja ya tisa. Hawagawanyiki. Anapita mzee, anaongeza ngamia wake, wanakuwa 18: tisa, sita, wawili. Jumla 17, mzee anamchukua wake na kwenda zake. Wengi wanapiga makofi hapo, na ndipo ningependa wasimame. Nusu, theluthi na tusui ukizijumlisha hazitimii kamili. Zinafika 17 juu ya 18. Marehemu hakugawa mali yote, na ngamia wa mzee ameficha kosa la marehemu. Kadhi wa Mombasa au Unguja angelikataa hata kabla ya hesabu: tusui haimo katika mafungu ya mirathi, na watoto wa kiume hugawana sawasawa. Nimeliona likibishaniwa kwa saa moja msibani, na marehemu wetu, Mungu amrehemu, hakuwa na ngamia hata mmoja.

Zile hesabu za picha za mitandaoni, ndizi tatu na nanasi mbili, "asilimia 99 hukosea", naziruka. Kosa liko kwenye mchoro.

Kuna kipande ambacho karatasi ya jaribio imekitupa kabisa, nacho kwangu ndicho moyo wa mchezo: mji. Ukishindwa kutegua, mtegaji anadai, "Nipe mji." Humpi alama, humpi fedha, unampa Bagamoyo au Kisumu. Na ana haki ya kuukataa. "Huo mdogo, ongeza." Ukimpa unaomridhisha anausafiri papo hapo, mbele yako, anakula pilau ya huko, anapokewa na wakubwa, anakutaja wewe ulivyoachwa bandarini na kapu lako, halafu ndipo anapofichua jibu. Kushindwa kunakuwa hadithi. Unayemcheka leo kesho atakusafirisha wewe. Mtoto aliyekatwa kwa wino mwekundu hakupewa nafasi ya kutoa mji. Alipunguziwa alama moja, kimya kimya.

Jumamosi ile nilimwambia mpwa wangu tutege, kila mmoja zamu yake, na vya kwenye kitabu haviruhusiwi. Nilianza na mishale isiyofuma, akaitegua kabla sijafunga mdomo. Saa iko ukutani, mjinga mimi. Ikawa zamu yake.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Kila anayeingia chumbani humpiga kichwani, ndipo afumbue macho."

Nikacheka, maana nilikuwa nimesimama karibu nayo. "Taa."

"Sio."

"Vipi sio? Si ndiyo inayofumbua macho?"

"Inayofumbua macho ni taa. Nani anapigwa kichwani?"

Nikashika ubishi kwamba amechanganya watu wawili kwenye sentensi moja. Akasema hakuchanganya, mimi ndiye niliyewaunganisha. Mama yake akaingia upande wa mwanawe. Nikasalimu amri, nikampa Korogwe. Akakataa, Korogwe ameshafika. Nikampa Tanga. Akakataa. Nikampa Zanzibar, akafikiri kidogo, akaipokea.

"Nimekwenda Zanzibar, nimekula urojo, nimeoga Nungwi. Mjomba nilimwacha Dar, boti imemkimbia. Watu wakaniuliza yuko wapi mjomba wako, nikawaambia yuko gizani, hajui kuwasha swichi."